Muda wa Kutafuna Punje Moja ya Kahawa

Muleba, Jumapili alasiri

Ta Vedasto,

Sikuulizi hali. Ungekuwa hapa ungenijibu kwa beti sita, na mwisho wake nisingejua kama unaumwa au u mzima. Naanza na habari, kama ulivyonifundisha. Mjumbe hutoa habari kwanza. Salamu atapewa akibaki hai.

Habari ni hii: tangu tukuzike, mchezo wako umekufa mara moja. Jana ulikuwa ufe mara ya pili, na hiyo ingekuwa ya mwisho. Nitakueleza ilivyokuwa, hatua kwa hatua, kwa sababu unanijua. Nikiacha utaratibu nitalia, na karatasi hizi nimeziomba kazini, si za kumwagia maji.

Shajara yangu iko hapa mezani. Wewe uliiita daftari la ushahidi, ukisema karani wa mahakama hawezi hata kula senene bila kuandika tarehe. Ni kweli. Nimeifungua kwenye ukurasa wa Jumanne ile uliyotutoka. Nimeandika hivi: "Saa nne asubuhi. Elieza amefika mahakamani kwa baiskeli kutoka Ijumbi. Anahema. Amesema Ta Vedasto amefariki alfajiri, kifua." Hayo tu. Sikuandika yaliyofuata, na sasa nakwambia wewe. Elieza aliposema "Ta Vedasto amefariki", nilibaki nimesimama na kalamu mkononi nikisubiri mstari wa pili. Nilisubiri kina, Ta. Miaka yote ile, kila habari ya kifo niliyoisikia ilikuwa na kina, na aliyekufa alikuwa wewe, na baada ya hapo uliinuka ukajipangusa vumbi ukaomba pombe ya rubisi. Elieza aliniangalia akadhani sijasikia. Akarudia. Mstari ulikuwa uleule mmoja.

Elieza unamkumbuka, yule fundi cherehani wa karibu na ghala la kahawa, Mlutheri, mwenye sauti ya kwaya. Ulizoea kumtania: "Elieza, nyie Walutheri mnaimba vizuri kwa sababu hamna kazi nyingine kanisani." Naye akikujibu, "Na nyie mnapiga magoti mengi kwa sababu mna mengi ya kuungama." Alikuja kila Jumamosi. Alikaa mbele, futi yake ya kupimia nguo shingoni. Mkumbuke vizuri, kwa maana habari hii ni yake pia.

Mazishi yalikwenda sawa. Watu walijaa kibanja chako cha migomba hadi barabarani. Padre alisema ulikuwa mpishi hodari wa shule ya misheni na Mkristo mchangamfu. Kuhusu ufalme wako hakusema neno. Wakati jeneza linashushwa, mtu mmoja nyuma, sijui nani hadi leo, akasema kwa sauti ndogo, "Bado." Watu wakaanza kutetemeka mabega. Sikujua kama ni kilio au kicheko, hata changu mwenyewe sikukijua. Ma Anastazia mkeo alinitazama kwa jicho lile la kuhesabu ndizi kwenye mkungu. Nikainamisha kichwa.

Nimekuwa nikiwaza tulivyoanza. Niko kidato cha tatu, Padre Mzungu anatufundisha tamthilia ya kishairi ya kale, ya wafalme wa huko kwao, kwa Kiingereza, tumejifunga mashuka ya bwenini. Mimi ni Mjumbe. Nina mistari kumi na minne ya kueleza vita iliyotokea mahali ambapo watazamaji hawaoni. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilikuwa naijua yote, na siku yenyewe niliijua mitatu. Nilipotoka nyuma ya jukwaa nikikimbia kwa aibu, nilikukuta dirishani, mwiko mkononi, aproni imejaa masizi. Hukuwa unajua Kiingereza zaidi ya "yes, Father". Ukaniambia, "Nimeelewa yote. Mkubwa amekaa. Mtu anakuja anakimbia. Mkubwa analia. Halafu wote wanakufa kabla ya chakula. Hapo tu ndipo sikuelewa."

Jumapili iliyofuata uliicheza yote nyuma ya jiko, mbele ya wapasua kuni, wewe ukiwa Mfalme na Mjumbe na jeshi zima. Vita yenyewe ilikuwa juu ya maharage kuungua. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye majivu. Nami nilikuwa mwanafunzi, msomi, na wewe mpishi. Sikujua siku ile kwamba nimepata mwalimu.

Uliporudi kwenu Ijumbi na mimi nikapangiwa mahakama ya Muleba, ulinituma mtu: "Mwambie yule msomi wa mistari mitatu nimepata kiti." Kiti chenyewe kilikuwa kigoda chako cha kukamulia ndizi. Taji ilikuwa ngata, ile ya majani makavu ya mgomba ambayo Ma Anastazia huweka kichwani akibeba mtungi. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Wafalme wetu wenyewe walikuwa wameshavuliwa madaraka, na ulisema nchi iliyozoea kupiga magoti haiwezi kuacha ghafla, itaumwa kiuno. Lazima ipate mfalme wa kumchekea kidogokidogo.

Na sheria zako. Naziandika hapa kwa mara ya kwanza, kwa sababu ulinikataza kuziandika.

Watu wanakusanyika uwanja wa ghala saa kumi, wakitoka kazi ya kijiji. Mjumbe anasimama mbali, ukingoni mwa migomba. Mtu yeyote mwenye jambo anamfuata, anamnong'oneza, na kumwekea kiganjani punje moja ya kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni nyumbani. Mjumbe anaitia mdomoni na kuanza kutembea. Punje ikiisha, lazima awe ameshafika mbele ya kigoda na ameanza. Muda wa kutafuna punje moja ya kahawa, basi. Mfalme hajui kinacholetwa. Mjumbe anasema kwa kina, Mfalme anajibu kwa kina kilekile, na anayekosa kina anakufa. Mjumbe hacheki wala halii. "Wewe si mchekeshaji," uliniambia. "Wewe umeleta habari. Ukicheka wewe, nani atabaki wa kucheka?" Na ile kubwa kuliko zote: usilete habari uliyoipika nyumbani.

Padre alituhesabia mizani kwa kidole. Wewe ulisema mizani ibaki dukani, kina kinatosha.

Siku ya yai ninaikumbuka bila kufungua shajara. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ma Felista, jirani yako, aliyetafuna maneno ya watu kuliko kahawa, ndiye aliyeninong'oneza. Nikaja nikikimbia:

"Mfalme, nimevuka mto, nimepanda na kilima,
nchi yako imepinduka, hakuna aliyesimama!"

Nawe ukashika moyo:

"Sema upesi, mjumbe, kabla sijaanza kuhema:
ni vita, ni njaa, ni radi, au ni mkwe amehama?"

"Kuku ametaga, Mfalme, kwenye kofia ya heshima
ya Mwenyekiti wa kijiji, na hataki kusimama!"

Ukainuka polepole, ukaitazama mbingu kama unaidai mvua:

"Ole! Mkutano wa kesho nani ataukalia, jama?
Liwekeni yai mezani, litaongoza kwa hekima:
halifoki, halichelewi, na mbele ya watu hukaa vyema."

Mwenyekiti alicheka hadi akavua kofia akachungulia ndani. Halafu nikasema mstari mmoja dhaifu, hata siukumbuki, nawe ukafungua mdomo, ukafumba, ukakosa kina. "Kufa, Ta! Kufa!" watu wakapiga makofi. Ukaanguka. Ukainuka kwa kiwiko: "Bado!" Ukatoa ubeti. Ukaanguka. "Bado!" Ma Felista akapiga kelele, "Mawe, mama wee! Mtu huyu hata kifo kinamchoka!" Siku ile ulikufa mara saba.

Sasa nikueleze kosa langu.

Baada ya mazishi nilisema moyoni: mchezo wa Ta hautapotea nami nipo hai. Nikatoa shajara zote tangu Jumamosi ya kwanza. Wiki tatu, kila jioni nikitoka mahakamani, nilinakili mistari yako. Niliipanga: ya hasira, ya kilio, ya kiburi, ya kufa. Madaftari manne. Nikampelekea Elieza, kwa kuwa sauti anayo na kimo anacho, nikamwambia akariri. Alikariri, maskini, akishona. Watu waliopeleka suruali kukatwa walisema ziliimbiwa ole.

Sasa ulipokuwa hai ulinikataza kuandika sheria tu, hukunikataza kuandika mistari. Ndivyo nilivyojitetea. Karani anajua kujitetea.

Nilikwenda kumwomba Ma Anastazia ngata. Alikuwa anamenya ndizi uani. Akanisikiliza hadi mwisho, kisu hakikusimama. Akasema, "Chukua. Lakini nikisikia mmemfanya mume wangu wimbo wa shule, naitia jikoni." Nikasema wakola, asante, Ma. Nikaondoka nayo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jumamosi ile uwanja ulijaa hadi juu ya ngazi za ghala. Mzee mmoja alininong'oneza kwamba bomba la maji lililofunguliwa kijijini kwa ngoma na hotuba limekauka siku ya tatu. Jambo zuri! Ungelipenda. Nikatafuna, nikaenda, nikatoa mstari wangu wa kiangazi na kiu. Elieza, na ngata kichwani, alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo halikuwa kwenye kitabu. Nilimwona akitafuta kwenye madaftari yaliyokuwa kichwani mwake. Kisha akasema kwa sauti yake nzuri sana:

"Liwekeni yai mezani, litaongoza kwa hekima..."

Hakuna aliyecheka. Kwanza walidhani ni mzaha, wakasubiri. Akaendelea na ubeti wako wa mbuzi, kisha ule wa mkwe. Yote sahihi, Ta, neno kwa neno. Nilisimama pale nikiisikia sauti yako ikipita bila wewe. Ndipo Ma Felista akasimama, akafunga kanga yake, akasema, "Huyo si mfalme. Huyo ni redio."

Watu wakaanza kuondoka. Ma Anastazia alipita katikati yao, akamfikia Elieza, akaichukua ngata kichwani mwake, akaenda zake. Elieza alibaki ameshika nywele zake.

Jumatatu Mwenyekiti aliniita ofisini. Hakuwa mkali, niseme ukweli wake. "Ndugu Novati," akasema, "Ta Vedasto nilimpenda. Lakini sikiliza. Mwalimu mkuu ana kikundi cha ngonjera. Ngonjera zina maandishi, nazisoma kabla, wilaya ikiniuliza watu wako wamesemaje Jumamosi, nina karatasi. Nyie mna nini?"

"Tuna punje ya kahawa," nikasema.

Akacheka kidogo, akavua kofia, akaitazama ndani. Naapa aliitazama. "Jumamosi moja zaidi," akasema. "Ikiwa kama ile, uwanja na saa kumi ni vya ngonjera. Usinilaumu."

Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari yangu manne kutafuta kilichokosekana. Nilidhani nimenakili vibaya. Nikalinganisha na shajara, ukurasa kwa ukurasa. Na hapo, Ta, nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kila mchezo nilikuwa naandika pembeni nani amekosa kina. Pembeni mote ni "Ta amekosa." "Ta amekosa." Sikuwahi kukosa mimi hata mara moja. Nilijivunia. Nilikuwa nakwambia, "Ta, elimu ni elimu," nawe ukisema, "Kweli, msomi, unanimaliza." Lakini nilikuwa pia naandika mistari yote kwa mpangilio, na mpangilio hausemi uongo. Kila mahali palipo na "Ta amekosa", mstari wa juu yake ni wangu, na umekatika, au umerudia neno, au ni takataka. Siku ya yai vilevile. Sikuwa nimebakiza kina. Wewe uliona, ukafungua mdomo, ukaufumba, ukaanguka chini wewe.

Ulikuwa unakufa ili nisife mimi. Kila Jumamosi. Na mimi nikaandika kwamba umekosa.

Niliweka kalamu. Sikulala kitandani hadi... hapana, hilo liache. Asubuhi niliyafunga madaftari manne kwa kamba ya mgomba, nikayatia chini kabisa ya sanduku, chini ya sare yangu ya shule. Nikaenda kwa Elieza nikamwambia, "Sahau yote uliyokariri."

Akasema, "Namshukuru Mungu. Nimeshona mikono miwili ya kulia kwenye shati la katekista."

"Jumamosi sitakusaidia," nikamwambia. "Na wewe usinisaidie. Atakayekosa afe."

"Nikikosa neno la kwanza?"

"Utakufa kwa neno la kwanza. Lakini utakuwa umekufa wewe, si redio."

Akashika futi yake shingoni akafikiri. "Sawa," akasema. "Kwa Mlutheri hiyo ni habari njema."

Kwa Ma Anastazia nilikwenda pia. Sikuomba ngata. Nilimweleza nilichokiona kwenye shajara. Nilimwambia, "Ma, alikuwa ananifia." Hakushangaa hata kidogo. "Novati," akasema, "kijiji kizima tulijua. Wewe tu ndiye uliyekuwa unaandika."

Sasa jana.

Saa kumi. Mawingu yametanda lakini hayajashuka. Watu walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, na wamekaa karibu na njia, wapate kuondoka upesi. Kikundi cha ngonjera kimeketi pembeni na karatasi zao, tayari kabisa, na mwalimu mkuu na kalamu nyekundu mfukoni. Mwenyekiti yuko mbele. Elieza amesimama kando ya kigoda, kichwa kitupu. Mimi niko ukingoni mwa migomba, nasubiri wa kuninong'oneza. Hakuja mtu. Nilianza kufikiri hivyo ndivyo itakavyokwisha: hakuna hata mwenye jambo.

Kisha nikamwona Ma Anastazia akitoka kwa watu. Miaka yote ile hakuwahi kuleta jambo. Alikuwa akikaa nyuma na kazi yake ya kusuka. Jana alikuja na ngata kwapani. Alipita kwanza kwenye kigoda, akaiweka pembeni mwa kigoda, si kichwani mwa Elieza, kando tu, kama mtu anayeacha mzigo kwa muda. Halafu akanifuata hadi kwenye migomba. Akanishika mkono, akaweka punje ya kahawa, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Kamwambie mfalme," akasema, "mfalme amekufa."

Nikamtazama.

"Na usinililie hapa. Tafuna."

Nikatafuna. Ta, sijawahi kutafuna kitu kichungu vile. Uwanja ule hauzidi hatua arobaini na niliona hauishi. Kichwani hakuna kitu, kina hakuna, wewe hupo. Nikamwona Elieza anaiokota ngata taratibu, anaivaa, anaketi. Punje ikaisha. Nikapiga goti.

"Mfalme, kaa vizuri, kiti chako kishikilie,
habari niliyoibeba, nakuomba usinililie."

Elieza akanyoosha shingo:

"Sema, mimi ni mfalme, msiba haunitishi mie.
Safari hii nani, mbuzi? Taja jina nilisikie."

"Si mbuzi wala si kuku; ni wewe, acha nikuambie:
umekufa, tumekuzika, tumebaki tukulilie."

Waliokaa njiani walisimama, lakini hawakuondoka. Elieza alinitazama. Nilijua hana kitu kichwani. Nilijua pia kwamba ningeweza kukosa kwa makusudi, nimwokoe. Sikumwokoa.

Akainua mkono akajipima mapigo. Akatikisa kichwa. Akavuta futi shingoni, akaikanyaga ncha moja kwa kidole gumba cha mguu, akajipima hadi utosini, juu ya ngata, akasoma, akasoma tena. Akasema kwa hasira ya fundi aliyeletewa nguo iliyopungua:

"Nimekufa vipi, na kimo ni kilekile nikipimie?
Na mchana huu ndizi sahani mbili nimekula mie!"

Hapo kikatoka kicheko cha kwanza. Ma Felista. Halafu wengine. Elieza akasimama, akamgeukia Ma Anastazia aliyekuwa bado ukingoni mwa migomba. Nikataka kumzuia. Nilitaka kusema, hapana, si yeye. Akanyoosha mkono:

"Niitieni mke wangu! Kama ni mjane, aniambie!"

Ma Anastazia aliweka mikono kiunoni. Na mkeo, Ta, ambaye miaka yote alisema mchezo wako ni kelele za wanaume wasio na jembe, akajibu kwa sauti iliyofika ghalani:

"Mjane ni mimi, Mlutheri! Hiyo ngata ishikilie!"

Sijui nikuelezeje kelele iliyofuata. Mwenyekiti alipiga paja lake. Watoto wa ngonjera walisimama juu ya karatasi zao wapate kuona. Na watu walikuwa wanalia, naandika kwa usahihi, walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja kama pale kaburini, lakini safari hii bila kuinamisha kichwa. Elieza aliishika ngata kwa mikono miwili. Akanigeukia, naye machozi yamemtoka lakini mfalme anaruhusiwa, si mjumbe:

"Basi kama mimi nimekufa, wewe kwa nani ukimbilie?
Una neno la kunizika, au nikae nikungojee?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na kitu.

Elieza alikosea kina kidogo mwishoni, ungemsikia, na angeweza kukubali kwamba amekosa yeye. Alinitazama. Nilimwona akifikiri kuanguka. Kisha akakumbuka tulivyokubaliana, akakaa imara kigodani, akasubiri.

Nikafumba mdomo.

"Kufa, Mjumbe!" Ma Felista alitambua kabla ya wote. "Amekosa! Leo msomi amekosa! Kufa!"

"Kufa! Kufa, waitu!"

Basi nikafa. Kwa mara ya kwanza. Vumbi la uwanja ule lina harufu ya maganda ya kahawa, hukuwahi kuniambia. Nililala pale nikasikia makofi juu yangu, na nikaelewa kwa nini ulikuwa unaridhika kuanguka: ukiwa chini unawasikia watu wote, hata wanaocheka polepole. Na nikiwa chini pale, bila kutafuta, kina kikanijia. Nikainuka kwa kiwiko.

"Bado!"

Ubeti wenyewe sikwambii. Haukuwa mzuri sana, na umeshakwenda. Baada yake nilikufa tena mara tatu.

Mwenyekiti alinipita wakati naondoka, akanipangusa vumbi begani. "Jumamosi saa kumi," akasema. "Ngonjera watachukua Jumatano." Kisha akaongeza, "Wilaya wakiniuliza, nitawaambia waje wenyewe na punje."

Ma Anastazia hakuirudisha ngata nyumbani. Nilimwona akimwonyesha Elieza namna ya kuikunja upya isimwangukie usoni, maana kichwa chake ni kidogo kuliko chako. "Chake kilikuwa kitupu ndani, ndiyo maana kilikuwa kikubwa," alimwambia. Ulitukanwa vizuri, Ta. Ungefurahi.

Sasa ahadi. Madaftari manne yatabaki chini ya sanduku, na sitampa mtu. Mistari yako sitaifundisha. Nitafundisha punje ya kahawa, hatua arobaini, na namna ya kutocheka. Jumamosi nitakuwa pale, mvua isinyeshe au inyeshe, na nikikosa nitaanguka mwenyewe, sitamwachia mtu anifie tena. Pembeni kwenye shajara zote za zamani, pale nilipoandika "Ta amekosa", nimepiga mstari kwa rula. Nimeanza na ya mwaka wa kwanza. Itanichukua muda, uliniokoa mara nyingi.

Kuanzia jana shajara inaandikwa namna nyingine. Tarehe, mahali, jambo, aliyekufa. Mistari hapana. Nakunakilia ukurasa wa jana, halafu nakuaga, maana kesho asubuhi nina mahakama.

"Jumamosi. Ijumbi, uwanja wa ghala. Jambo: mfalme amekufa; limeletwa na mjane wake. Aliyekufa: Mjumbe, mara nne."

Pumzika, Ta. Wewe ulimaliza zamu yako zaidi ya mara saba.

Sisi bado.

Mjumbe wako,
Novati